Mbolea inachomaje mmea? Kiazi, chumvi na kopo la maji vinatoa jibu

Kila wakati wa kupanda, iwe msimu A ama msimu B, tunasikia neno moja katika mikutano: "Ile mbolea ya kizungu ni mbaya, imechoma maharagi yangu." Na kweli mtu anaonyesha shamba lake: majani yamekauka pembeni, mashina yamelala, mbegu zingine hazikuota kabisa. Mwenye shamba amepoteza vitu vitatu: pesa ya mbolea, mbegu, na msimu. Kiisha jirani akiona, anaapa hatagusa mfuko ule tena. Hivyo koperative inabaki na mifuko katika depo, na deni la kulipa.

Mbolea haikuwaka moto. Kilichotokea ni kwamba maji yametoka ndani ya mmea na kuingia katika udongo, wakati ilipaswa kuwa kinyume. Jambo hilo linaitwa osmozi. Watoto wetu wanalisoma katika somo la biolojia kwenye shule ya sekondari, lakini mara mingi wanalinakili ubaoni bila kuliona kwa macho. Hata hivyo linaonekana vizuri sana kwa kiazi, chumvi na kopo la maji, vitu ambavyo kila nyumba ya Kibumba, Sake ama Rutshuru iko navyo.

Katika toleo hili tunaeleza majaribio matatu. Tuliyafanya pamoja na wanafunzi wa shule moja na wazazi wao ambao ni wanachama wa koperative. Mtoto akileta daftari, mzazi akileta kiazi, wote wawili wanajifunza.

OSMOZI NI NINI?

Kila kitu chenye uhai kimejengwa kwa vyumba vidogo sana vinavyoitwa seli. Kiazi kiko na seli nyingi sana, jani la maharagi vilevile, na mwili wa mtu vilevile. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba. Utando huo ni kama chujio: unaacha maji yapite kwa urahisi, lakini chumvi na sukari zinazuiwa, ama zinapita polepole sana.

Sasa weka maji matupu upande mmoja wa utando, na maji ya chumvi upande mwingine. Chumvi haiwezi kupita, lakini maji yanaweza. Basi maji yanahama kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi mingi. Ndiyo osmozi. Njia fupi ya kukumbuka ni hii: maji yanafuata chumvi. Na tunaposema chumvi hapa, hatusemi ile ya jikoni tu. Mbolea ya NPK, sehemu kubwa yake ni chumvi. Urea si chumvi, lakini ikiyeyuka inavuta maji vilevile, na sukari pia.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1748 Mfaransa mmoja, Jean-Antoine Nollet, alifunga chupa ya pombe kwa ngozi ya kibofu cha nguruwe, akaizamisha katika maji. Maji yaliingia kupitia ngozi hadi ikavimba na kukaza. Karne iliyofuata Mfaransa mwingine, Henri Dutrochet, alionyesha kwamba ndivyo hivyo maji yanavyoingia katika seli za mimea na wanyama.

Mzizi wa mmea unatumia sheria hiyo usiku na mchana. Ndani ya seli za mzizi mna chumvi na sukari kuliko katika maji ya udongo. Basi maji ya udongo yanaingia yenyewe, yanajaza seli, na shina linasimama. Seli ikijaa maji inakaza kama mpira wa gurudumu uliojazwa upepo. Ikipoteza maji inalegea, na mmea unalala.

JARIBIO LA 1: VIPANDE VYA KIAZI

Vitu vya kutafuta: kiazi kimoja kikubwa (kile cha kizungu, si kiazi kitamu), kisu, rula ya shule, makopo mawili, maji safi, chumvi.

1. Menya kiazi. Kata vipande sita vinavyofanana: urefu sentimita 5, unene nusu sentimita. Pima kila kimoja kwa rula na uandike.
2. Katika kopo la kwanza weka maji matupu. Katika la pili weka maji yaleyale, lakini koroga ndani yake vijiko vikubwa viwili vya chumvi.
3. Tia vipande vitatu katika kila kopo. Andika alama kwenye makopo ili msichanganye.
4. Ngojeni saa mbili. Mkiacha hadi kesho yake, tofauti itaonekana zaidi.
5. Toeni vipande, vifuteni maji, mjaribu kuvipinda, kiisha mvipime tena.

Mtaona nini? Vipande vya maji matupu vimekuwa vigumu. Ukivipinda vinavunjika kwa mlio, na mara nyingi vimeongezeka milimita moja ama mbili. Vile vya chumvi vimelegea kama mpira. Unaweza kuvipinda hata kukutanisha ncha mbili, na vimekuwa vifupi.

Hapo ndipo mwalimu anapaswa kunyamaza kidogo na kuuliza: "Maji yalienda wapi?" Mwanafunzi mmoja alitujibu: "Chumvi imeingia ndani ya kiazi, ikakilainisha." Ni jibu ambalo wengi wanatoa, na watu wazima pia. Lakini kama ni kitu kimeingia tu, kiazi kingekuwa kikubwa. Rula inasema kimekuwa kidogo. Basi kuna kitu kimetoka, na kitu hicho ni maji. Ndiyo sababu tunasisitiza kupima. Bila rula kila mtu anabaki na wazo lake.

Mkiwa na wakati, chukueni kipande kilicholegea, mkirudishe katika maji matupu. Kama hakikukaa sana katika chumvi, kitapata nguvu tena kidogo. Kama kilikaa muda mrefu, seli zimekufa na hakitarudi. Mkumbuke hilo, maana tutalihitaji tukifika shambani.

JARIBIO LA 2: KIKOMBE CHA KIAZI KIBICHI NA CHA KUCHEMSHA

Hapa tunataka kuonyesha kwamba utando wenye uhai ndio unafanya kazi.

Chukueni viazi vitatu vya ukubwa mmoja. Kimoja kichemsheni, lakini kisilainike mpaka kuvunjika. Kateni sehemu ya juu ya kila kiazi na kuchimba shimo kama kikombe. Menyeni sehemu ya chini, kwa sababu ganda la kiazi linazuia maji. Kiisha visimamisheni katika sahani tatu zenye maji ya kimo cha kidole kimoja.

Kiazi cha kwanza (kibichi): msitie kitu ndani ya shimo.
Kiazi cha pili (kibichi): tieni kijiko kidogo cha sukari.
Kiazi cha tatu (kilichochemshwa): tieni kijiko kidogo cha sukari pia.

Baada ya saa chache, ama kesho yake asubuhi, angalieni. Katika kiazi cha kwanza shimo limebaki kavu ama na unyevu tu. Katika cha pili sukari imeyeyuka, na maji yamepanda ndani ya shimo. Hakuna mtu aliyeyamimina: yametoka kwenye sahani, yakapita seli kwa seli kufuata sukari. Katika cha tatu sukari imelowana, lakini maji hayakupanda vile. Moto umeharibu utando wa seli, na chujio lililotoboka halichuji tena. Sukari inavuja kwenda kwenye sahani.

Kiazi cha kwanza kiko na kazi yake, hata kama kinaonekana hakina maana. Kinatuhakikishia kwamba maji hayapandi ovyo bila sukari. Walimu wanakiita shahidi. Mkulima pia anahitaji shahidi: ukijaribu mbolea mpya, acha mistari miwili bila mbolea, upate kulinganisha.

JARIBIO LA 3: MAHARAGI KATIKA CHUPA

Hili linachukua wiki mbili, lakini ndilo lililowagusa wazazi kuliko yote.

Kateni chupa tatu za plastiki, toboeni chini, jazeni udongo wa shamba. Pandeni maharagi matatu katika kila chupa, mnyunyizie maji sawasawa mpaka mimea iwe na majani mawili makubwa. Kiisha:

Chupa ya kwanza: kopo moja la maji matupu.
Chupa ya pili: kopo moja la maji yenye kijiko kikubwa cha chumvi.
Chupa ya tatu: kopo moja la maji yenye kijiko kikubwa cha NPK 17-17-17 iliyoyeyushwa.

Wekeni zote mahali pamoja penye mwanga. Chupa ya pili inaanza kulala siku hiyohiyo ama kesho yake. Chupa ya tatu inafuata, na majani yake yanakauka kuanzia pembeni. Udongo wa chupa hizo bado umelowana! Shikeni kwa mkono mhakikishe. Mmea unakufa kwa kiu huku mizizi imekaa ndani ya maji. Mama mmoja wa koperative alipoona chupa ya tatu alisema: "Basi ndiyo ile ya shamba langu." Ndivyo ilivyo. Ni alama ileile.

Neno moja kwa walimu: wengine wanatumia maharagi makavu yaliyolowekwa kuonyesha osmozi. Yanavimba kweli, lakini mwanzoni mbegu kavu inanyonya maji kama sponji, hata mbegu iliyokufa inavimba. Kwa hiyo si mfano safi. Tumieni kiazi.

TURUDI SHAMBANI

Sasa tunaelewa kwamba kosa haliko katika mbolea yenyewe. Liko katika wingi, mahali na maji.

Wingi. Kwa viazi, kipimo kinachotumika mara nyingi katika milima yetu na ya jirani zetu wa Rwanda ni karibu kilo 300 za NPK 17-17-17 kwa hektari moja. Ukipanda kwa sentimita 80 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo, unapata mashimo karibu 41,600. Kila shimo basi linapata gramu 7 hivi, si konzi ya mkono. Nani ana mizani ya gramu? Fanyeni hivi: jazeni kifuniko cha chupa ya bia mara 100, mwage yote katika mfuko, mpime kwenye mizani ya soko, mgawanye kwa 100. Mfuko ukiwa na uzito wa nusu kilo, kila kifuniko ni gramu 5. Kamati ya koperative ifanye hesabu hiyo mara moja mbele ya wanachama wote, kwa mbolea ileile iliyo katika depo.

Mahali. Mbolea isigusane na mbegu. Weka upande, karibu sentimita 5 kutoka kwa mbegu, ama chini yake na udongo katikati, kiisha funika. Mzizi ukikua utaifikia wakati imekwisha kuyeyuka na kusambaa. Urea iko na ubaya wa pili: inapogeuka katika udongo inatoa hewa kali ya amonia ambayo inaua mbegu inayoota. Usiiweke kamwe katika shimo pamoja na mbegu.

Maji. Weka mbolea wakati udongo umelowana na mvua inaendelea. Mvua ikikatika, maji ya udongo yanapungua lakini chumvi inabaki ileile, basi inakuwa kali zaidi. Mashamba ya juu ya mawe ya volkano yanakauka haraka, maana maji yanapita kati ya mawe. Hapo ni vizuri kugawa dozi: nusu wakati wa kupanda, nusu wakati wa kupalia.

Mbolea ya mifugo. Wengine wanasema, "Basi tutumie ya kuku tu, haina ubaya." Ya kuku ikiwa mbichi iko na chumvi mingi na amonia, na inachoma vilevile. Irundike, ifunike kwa majani ya ndizi, igeuze, ingoje miezi miwili ama mitatu. Ikiwa haina tena joto wala harufu kali, iko tayari.

Maji ya Ziwa Kivu. Wenye bustani pembeni ya ziwa wanatuuliza kama maji yake ni mabaya. Ziwa letu liko na chumvi kidogo: karibu gramu 1 katika litri moja, wakati bahari iko na gramu 35. Kabichi na tomati zinavumilia kiasi hicho. Maharagi ni dhaifu zaidi kwa chumvi. Mvua zetu zinaosha udongo kila msimu, lakini kuanzia Juni hadi Agosti ukinyunyiza maji ya ziwa tu, kidogo kidogo kila siku, chumvi inabaki juu ya udongo. Heri kunyunyiza mara chache lakini maji mingi, yashuke chini, na kuweka maji ya mvua kwa ajili ya miche.

Na kama mmea umekwisha kuchomwa? Kama ni leo ama jana, toa mbolea inayoonekana, kiisha mwagia maji mingi, ndobo baada ya ndobo, ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Mkumbuke kipande cha kiazi: kilichokaa muda mfupi kinarudi, kilichokaa sana hakirudi. Kama majani yamekwisha kuwa ya kahawia hadi katikati, usipoteze nguvu. Ngoja mvua ioshe, upande tena.

OSMOZI NYUMBANI

Sheria hii tunaitumia tayari bila kujua jina lake. Makayabu haiozi kwa sababu chumvi imevuta maji kutoka katika samaki, na vijidudu vinavyojaribu kukaa juu yake navyo vinanyonywa maji na kufa. Jibini ya Masisi inalowekwa katika maji ya chumvi: chumvi inaingia polepole, maji yanatoka, ngozi inakaza. Mama wa soko ananyunyizia lenga-lenga maji matupu ili isimame mpaka jioni, na anajua kwamba ukiitia chumvi inalala mara moja.

Kuna mahali pengine ambapo jambo hili linaokoa maisha. Goma haijasahau kolera ya Julai 1994, na ugonjwa huo bado unarudi. Anayeharisha anapoteza maji na chumvi. Ukimpa maji ya chumvi na sukari kwa kipimo sahihi, utumbo unapitisha chumvi pamoja na sukari, na maji yanafuata kuingia mwilini. Kipimo cha nyumbani ni litri moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote bila kulundika. Msizidishe chumvi mkidhani itasaidia zaidi: ikizidi, maji yanatoka mwilini kama yalivyotoka katika kiazi. Pakiti ya duka la dawa ni bora, mkifuata maji yaliyoandikwa juu yake. Na mgonjwa wa kolera apelekwe kituo cha afya bila kungoja. Mnampa maji hayo njiani.

KWA KAMATI NA WALIMU

Majaribio yote matatu hayamalizi kilo mbili za viazi. Tunashauri kamati ya kila koperative iongee na mwalimu wa biolojia wa shule ya karibu, kabla ya kugawa mbolea ya msimu. Jaribio la 1 linaenea katika mkutano mmoja: wekeni vipande katika chumvi mwanzoni, jadilini mambo mengine, mvitoe mwishoni. Jaribio la 3 lianze wiki mbili mbele, ili siku ya kugawa mifuko chupa tatu ziwe juu ya meza. Mkulima aliyeona chupa ya tatu hahitaji hotuba ndefu.

YA KUKUMBUKA

- Maji yanafuata chumvi.
- Mbolea mingi karibu na mzizi inanyonya maji ya mmea.
- Pima kwa kifuniko, si kwa konzi.
- Sentimita 5 kutoka kwa mbegu, na udongo katikati.
- Udongo ukiwa mkavu, ngoja mvua.
- Mbolea ya kuku ingoje miezi miwili ama mitatu.
- Acha mistari miwili bila mbolea, iwe shahidi wako.

Mkifanya majaribio haya, andikeni mlichoona na urefu wa vipande vyenu, mpe agronomu wa eneo lenu atuletee. Katika toleo lijalo tutaongea juu ya kutunza mbegu za viazi kati ya mavuno na msimu unaofuata.